Biberoni ya Mvua

Jumamosi soko la Butembo halina hata nafasi ya mtu kuanguka. Pikipiki zinapita mbavuni kwa watu, mama wa viazi wanaitana kutoka ng'ambo hii hadi ng'ambo ile, na tope jekundu linapanda viatu bila kuuliza ni vya nani. Hapo hapo, katika njia ya wanunuzi wa dhahabu, Adèle Vagheni alisimama mbele ya meza ya Edmond amekumbatia biberoni sita mpya, chupa za kunyonyeshea watoto, akimwomba ampimie maji.

Edmond alimtazama kwa juu ya miwani. Mizani yake ilikuwa ya kupimia chembe za dhahabu kutoka migodi ya Manguredjipa, chembe ambazo mtu akipiga chafya zimekwenda.

"Maji, Adèle? Hii mashini inapimaka dhahabu."

"Maji ni wewe njo unayiona bure. Weka kwanza biberoni tupu. Kisha ninamwanga maji mpaka kwa alama ya mia. Kama inaongeza gramu mia, iko inasema kweli. Kama hapana, inaongopa."

"Na batu wangu ya dhahabu bangoje?"

"Bangoje. Dhahabu haiozake."

Msidhani alikuwa na wazimu. Adèle ndiye aliyekuwa akiandika mvua ya Butembo. Juu ya kilima, nyuma ya mtaa wa Kimemi, kuna kituo kidogo cha utafiti wa kilimo, nyumba mbili na uwanja wa majani, na kwa miaka saba, kila asubuhi saa kumi na mbili, alitoka na koti lake la kijivu, akamimina maji yaliyolala ndani ya kipima-mvua katika mrija wa kioo wenye alama, akasoma, akaandika katika daftari kubwa. Mrija ulivunjika mwezi wa nne. Ofisi iliahidi mwingine wiki ijayo, na wiki ijayo ya ofisi mnaijua. Biberoni nayo ina alama za mililita. Lakini alama za vitu rahisi si za kuaminiwa ovyo, na mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, iwe Butembo iwe Ulaya. Ndiyo maana mizani ya dhahabu. Huyo ndiye Adèle, hakubali alama kwa sababu tu imechapwa.

"Pole, maman," sauti ya mwanaume ilisema nyuma yake. "Ni mapasa? Sita mara moja?"

Aligeuka. Aliona shati la waridi lililopigwa pasi kwa imani, kofia nyeusi, viatu vinavyong'aa katikati ya tope lile, na mwanya kwenye meno ya mbele.

"Sita," akajibu bila kucheka.

"Na baba yao iko wapi?"

"Iko mbinguni."

Mwanaume akavua kofia. "Oh. Pole sana. Alikufa lini?"

"Hakukufa. Anatutumiaka mvula."

Edmond alicheka mpaka ikabidi aiweke mizani kwenye sifuri upya. "Josaphat, kaa chini. Huyu ni mutu ya science, utapotea naye."

Josaphat Kahongya hakukaa chini. Alizishika biberoni, akawa anazikabidhi moja moja kama karani. Kila moja ilipimwa mara tatu, maana Adèle alisema kipimo cha mara moja ni uvumi. Nne zilionekana ni za uongo. Moja ilisema mia mahali ambapo maji hayakuzidi tisini na mbili.

"Kumbe batoto ya Butembo banaibiwa maziwa," Josaphat akasema. "Njo juu ya ile banaliaka."

Hapo Adèle alicheka. Biberoni mbili zilisema kweli, naye akaziweka kando.

"Moja ya kilima. Ingine ya akiba."

"Akiba ya nini? Unipatie. Mimi ni mutu ya Beni, nauzaka kakao. Kila siku ninaanika, kila siku mvula inakuya kunilowanishia. Miaka kumi iko adui yangu, na sikujua adui iko na secrétaire."

Katika daftari la Adèle kulikuwa na safu ya Beni, na safu hiyo ilikuwa tupu tangu mzee aliyekuwa akiisoma alipostaafu. Basi akampa ile biberoni. Akamfundisha kukata chupa kubwa na kuigeuza mdomo iwe ya kukingia, kila mililita kumi ndani ya biberoni zihesabiwe milimita moja ya mvua. Mwisho akampa na namba ya simu. Ni kwa ajili ya kazi, alisema. Sisi hatukuwepo kumbishia.

Asubuhi ya kwanza simu ililia saa kumi na mbili na dakika mbili.

"Beni, kumi na mbili."

"Kumi na mbili nini?"

"Busu."

"Josaphat. Sema vizuri. Kitabu ya serikali haina colonne ya busu."

"Colonne ya mwisho inaitwaka je?"

"Observations."

"Basi andika pale."

Hakuandika. Lakini alitabasamu mbele ya ng'ombe wa kituo, jambo ambalo ng'ombe wale hawakulizoea.

Juma la tatu mvua ilikata huko Beni, na Josaphat akanyamaza siku mbili. Adèle ndiye aliyepiga.

"Juu ya nini unanyamaza?"

"Hakuna mvula, bébé. Nitasema nini?"

"Kwanza, hapana kuniita bébé, niko na miaka makumi tatu na moja. Pili, unasema sifuri. Kama hausemi kintu, mimi naandika kamustari. Kamustari ni kusema hakuna mutu aliangalia. Sifuri ni kusema mutu aliamuka, akaenda, akaangalia, akakuta hakuna. Ni vitu mbili mbali mbali."

Upande wa pili kulisikika jogoo, halafu mtu akitema maji ya mswaki.

"Donc, basi, sifuri ni kazi."

"Ni kazi sana."

"Bon. Nimesikia, bébé. Mimi nitakuangaliaka hata siku za sifuri."

Adèle alibaki amesimama uwanjani, simu imekatika, umande unapanda ndani ya buti zake. Aliwahi kupendwa. Alipendwa na mwalimu mmoja aliyemjia siku anazotaka yeye, kisha akaondoka akitangaza kwamba yule mwanamke atazeeka na mirija yake. Tangu hapo Adèle alitaka kitu kimoja tu, mtu wa kuamka na kumwangalia kila siku, hata siku isiyo na kitu. Hakuwa amemwambia mtu. Na huyu muuza kakao alikuwa amekigusa kitu hicho kwa simu, mswaki mdomoni, bila kujua.

Wakapendana, nisizungushe maneno. Kila Jumapili Josaphat alipanda kutoka joto la Beni hadi baridi ya Butembo, saa moja na nusu barabarani siku njia ikiwa nzuri, na siku njia isipokuwa nzuri alifika jioni na bado alifika. Adèle alimngoja na kitenge cha buluu chenye mahindi ya njano, na mwavuli uliovunjika mfupa mmoja. Walitembea juu ya kilima ndani ya ukungu. Mji ulikuwa chini yao na hauonekani, ila kengele ya kanisa na mbuzi wa jirani. Josaphat alinukia kakao iliyochachuka, harufu ya siki na sukari, na Adèle, mtu wa kupima kila kitu, alijikuta hataki kujua ni saa ngapi.

Jumapili moja, wakati anatafuta kiberiti mezani kwa Adèle, Josaphat aliokota karatasi ya zamani ya mvua, akaigeuza nyuma.

"Hii ni nini? 'Mwanamke alifungua dirisha, ukungu ukaingia, ukakaa penye kiti cha mumewe.' Ni rapport?"

"Rudisha."

"Adèle. Ni wewe njo Mama Ukungu wa radio?"

Kila Jumamosi mchana mtangazaji mmoja jina lake Virginie alisoma redioni hadithi ya mapenzi ya Mama Ukungu, na mwanamke wa kukaanga mikate Butembo aliyeunguza mikate saa hiyo hakulaumiwa na mtu. Hakuna aliyemjua Mama Ukungu isipokuwa Virginie. Karatasi alizoletewa zilikuwa na milimita mbele na machozi nyuma.

"Usimwambie mutu," Adèle akasema. Masikio yalimwaka. "Kwa bureau banasemaka, mwenye kuandika uongo hawezi kuandika mvula."

"Na ni kweli?"

"Hapana. Nyuma ya karatasi nasemaka uongo juu ya batu hawako. Mbele sisemake uongo hata milimita moja."

Josaphat aliirudisha karatasi mahali pake, akaisawazisha kwa kiganja. Kisha akambusu, taratibu, kiberiti bado mkononi.

Mwezi wa tisa, umeme ulikatika Kimemi siku mbili na simu ya Adèle ikazima. Siku ya pili alikwenda redioni kupeleka karatasi zake, na habari njema ikimchoma kifuani. Ofisi ilikuwa imekubali. Safu ya Beni itafufuliwa rasmi, na jina la msomaji litaandikwa hapo, Kahongya Josaphat. Hakuweza kungoja umeme. Aliazima simu ya Virginie, akapiga namba aliyoijua kwa kichwa.

Iliitikiwa na sauti ya mama mtu mzima.

"Jambo, maman. Josaphat iko?"

"Alienda ku depo, akasahau simu. We ni nani?"

Angesema Adèle. Angesema ni mutu wa mvula. Lakini hakuwahi kulitaja penzi hili mbele ya mkubwa yeyote, akasita, na alichokitoa baada ya kusita kilikuwa, "Rafiki."

"Rafiki," mama alirudia. Alikuwa amekwisha kuelewa kwa namna yake. "Sikia, binti yangu. Mimi ni mama yake. Josaphat iko na mutoto sasa, na mutoto iko na mama yake. Acha kumusumbua. Utafute wako."

Adèle alirudisha simu, akasema asante. Virginie akamuuliza kama yuko muzuri. Niko muzuri, alijibu, akashuka ngazi akishika ukuta.

Kesho yake umeme ulirudi, na saa kumi na mbili na dakika mbili simu ikalia. Aliitazama ikilia mpaka ikachoka. Akaandika ujumbe, "Hapana kunipigia tena. Données, hesabu za mvula, niko nazo za kutosha." Kisha akaifunga ile namba isiingie tena. Mwanamke yule yule wa kupima mara tatu tatu.

Jumapili Josaphat alikuja. Mlinzi wa kituo akamwambia mademoiselle hayuko, kama alivyoagizwa, na mademoiselle akasimama nyuma ya kabati la madaftari, akitazama shati la waridi likishuka kilima katika manyunyu bila mwavuli. Alitamani kukimbia nyuma yake. Alitamani pia apigwe na radi, yeye Adèle, kwa kutamani mume wa mtu. Usiku hakulala, na asubuhi alifungua daftari, akachukua rula, akachora kamstari kwenye safu ya Beni. Kesho yake kamstari. Na kesho kutwa.

Kalamu yake ndiyo iliyosema alichokificha mdomo. Nyuma ya karatasi za mvua akamzaa Jérémie, muuza kahawa mwenye mwanya na viatu vya kung'aa, fundi wa maneno matamu, ambaye kumbe ana mtoto na mke wa siri. Mji ukamchukia Jérémie kwa moyo mmoja. Mwanaume akichelewa nyumbani, mkewe alimwita Jérémie. Fundi wa nguo Kasonia, mtu mpole wa kanisani, aliapa kwamba akimpata Jérémie atamshonea suruali isiyo na miguu.

"Inapendwa sana," Virginie alimwambia, karatasi ya sita mkononi. "Mais Adèle, huyu mutu namujua. Huu mwavuli naujua. Ulimuuliza?"

"Nilisikia na masikio yangu."

"Kuuliza si ujinga."

Adèle akafunga koti lake, akasema mvua inakuja, na kweli ilikuwa inakuja.

Ilikuwa Jumapili moja mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, asubuhi ya ukungu mzito, alipotoka na biberoni yake akamkuta mtu amesimama kando ya kipima-mvua. Mlinzi alikuwa amemfungulia. Baadaye alijitetea kwamba amechoka kusema uongo siku za Mungu. Viatu vya yule mtu, kwa mara ya kwanza, vilikuwa na tope.

"Jambo, Mama Ukungu," Josaphat akasema.

"Toka."

"Nitatoka. Unijibu kwanza. Jérémie wa radio iko na mutoto. Jina yake nani, ule mutoto?"

"Uliza mama yako."

"Nilimuuliza." Hakupandisha sauti. "Bamama ya kuchagua kakao ku depo banasikilizaka Mama Ukungu kila Jumamosi. Mimi nilikuwa naziba masikio, ilikuwa inaniuma. Jumamosi ya jana nilipita pale, nikasikia Virginie anasoma, 'Kitabu ya serikali haina colonne ya busu.' Nikasimama. Bamama banamutukana Jérémie, moja anarushia radio kakao, na mimi nimeshika mufuko siwezi kutembea. Nikaenda nyumbani. Nikasema, mama, nani alikupigia kwa simu yangu, na ulimuambia nini?"

"Aliniambia uko na mutoto."

"Niko naye." Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitambaa cheupe, akakifungua kwa uangalifu. "Njo huyu."

Ilikuwa biberoni. Alama zake zilikuwa zimefifia kidogo kwa kuoshwa.

Adèle aliitambua, ile ya akiba, moja ya zile mbili zilizosema kweli.

"Mama alifungua sanduku yangu ya nguo akaikuta," Josaphat akasema. "Biberoni safi, ya kuoshwa kila siku. Kijana wake iko anaenda Butembo kila Jumapili. Na simu yangu ikipiga asubuhi inaandika 'Bébé Butembo.' Mama hajui Kifaransa ya mapenzi. Kwake bébé ni mutoto muchanga tu. Akasema kijana anaogopa kunileteya mujukuu, mimi ningoje tu. Mutu anapiga, namba haijulikane, anasema 'rafiki.' Akakufukuza, juu ya kumulinda mujukuu. We ungekuwa mama yangu, ungefanya nini?"

"Ningeuliza," Adèle alisema, na neno lilipotoka akalisikia mwenyewe.

Josaphat hakucheka. "Kwa Edmond ulipima biberoni sita. Moja moja, mara tatu. Mimi, Adèle, hata mara moja."

Akakaa kwenye ngazi yenye maji. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya mtu anayejua kazi yake na ameikosea kazi yake. Na chini ya aibu kulikuwa na furaha, hakuweza kuizuia. Miezi miwili alikuwa amemwonea wivu mwanamke wa Josaphat mwenye mtoto, akamlilia, akamtia hata redioni, na mwanamke huyo alikuwa yeye.

"Unisamehe," akasema.

"Bado. Soma kwanza."

Alimpa daftari dogo la shule, la jalada la kijani, lililovimba kwa unyevu. Tarehe, milimita, na safu ya mwisho. Kumi na nne. Sifuri. Sifuri. Tatu. Ishirini na moja. Alifunua ukurasa baada ya ukurasa akitafuta kamstari, kwa mazoea ya kazi, na hakupata hata kamoja. Siku sitini na nne mtu alikuwa ameamka, amekwenda, ameangalia. Katika safu ya mwisho, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika juu ya magunia, kulikuwa na maneno machache. "Kakao imelowa." "Nilipanda kilima, hauko." "Sifuri. Nimeangalia." "Mama anafuma kintu ya njano, sijui ni nini." "Sifuri. Nimeangalia." "Njia ya Kamango imefungwa, sikupata kakao. Nimeangalia." "Sifuri. Nimeangalia."

Adèle alilia hapo, bila kujificha, pua na macho.

"Namba ulifunga," Josaphat akasema, akikaa kando yake, suruali nzuri juu ya maji. "Nikasema, bon, mvula haikunikosea kintu. Tutaiandika tu."

Adèle aliingia ndani akaleta daftari kubwa, rula na kalamu. Safu ya Beni ilikuwa ngazi ya vimstari kutoka juu hadi chini.

"Ufute hizo," Josaphat akasema.

"Hatufutake. Mu kitabu ya mvula kosa halifutwe. Unalipitishia mustari moja tu, libakie linaonekana. Unaandika ya kweli juu yake, na unatia signature. Njo mwenye atakuya nyuma atajua kulikuwa kosa, na ni nani alitengeneza."

"Mara sitini na ine?"

"Mara sitini na ine. Unisomee."

Alimsomea. Kumi na nne, akasema, naye akapitisha mstari, akaandika kumi na nne, akatia sahihi. Sifuri, akasema, naye akaandika sifuri, akatia sahihi. Ukungu ulianza kupanda, paa za Kimemi zikajitokeza moja moja. Kwenye arobaini na kitu Josaphat akamshikia rula.

"Na Jérémie?" aliuliza walipofika mwisho. "Mimi naishije Beni, na bamama banataka kunichagua kama kakao mubaya?"

"Yeye pia. Jumamosi Virginie atasoma. Mustari moja, na ya kweli juu yake."

"Na signature? Ya Mama Ukungu?"

Adèle aliifikiria ofisi, na wale watu wa kusema kwamba mwenye kuandika uongo hawezi kuandika mvua. Wangesema. Mwaka mzima wangesema.

"Ya Adèle Vagheni," akajibu.

Josaphat akaitikia kwa kichwa, polepole. Halafu akaingiza mkono mfuko mwingine wa koti, akasita, akautoa.

"Kuko kintu ingine."

Ilikuwa kofia ya mtoto mchanga, ya kufumwa kwa mkono, ya njano, na kitufe cha uzi juu yake.

"Nilimuambia mama hakuna mutoto. Alilia, Adèle. Nikamuambia, basi fumua uzi, utafanya kintu ingine. Akakataa. Akasema, ile batu banasema iko, na kama haiko, iko mu njia inakuya." Akavua kofia yake nyeusi, kama alivyoivua siku ile kwa Edmond akimwombolezea baba wa mapacha sita. "Mimi nataka nikuowe. Nitakuya na wazee, nitakuya na mbuzi, vile baba yako atasema. Mais nataka kusikia kwako mbele."

Adèle alichukua ile kofia ndogo. Kutoka mfuko wa koti la kijivu alitoa futi ya kitambaa, ile anayopimia mahindi ya majaribio, akaizungusha ukingoni mwa kofia, akasoma. Akaifungua, akaizungusha tena, akasoma. Mara ya tatu alisoma polepole zaidi. Manyunyu yalikuwa yameanza, na Josaphat alikuwa amesimama kichwa wazi, hathubutu hata kukohoa.

"Sentimita makumi tatu na tano," akasema. "Kichwa ya mutoto muchanga."

"Donc?"

Akamrudishia kofia ya njano kiganjani, akamfunga vidole juu yake kimoja kimoja.

"Itatosha."